Mgeni Njiani: Mauaji ya Wasafiri wa Kigeni na Usalama wa Safari katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa, 1859–1907

Ikisiri

Insha hii inachunguza mauaji ya wasafiri wa kigeni katika njia zilizounganisha bandari za Kilwa na Lindi na nchi za Ziwa Nyasa, njia zilizokata au kuzunguka maeneo ambayo leo ni wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Inadai kwamba kabla ya utawala wa Wajerumani usalama wa msafiri ulitegemea dhamana ya mwenyeji, na kwamba dhamana hiyo ilifanya kazi zaidi kuliko maandishi ya Kizungu ya zama hizo yalivyokiri. Mauaji ya Agosti 1905 yalitokea baada ya dhamana hiyo kuvunjwa, mgeni alipokuwa mtawala. Insha inahitimisha kuwa hatari za safari katika kusini ya Tanzania haziwezi kuelezwa kwa kuhesabu vifo vya Wazungu peke yake.

1. Utangulizi

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ziko kusini mwa Mto Mbwemkuru na kaskazini mwa bonde la Mto Lukuledi. Majina hayo mawili hayana uzito katika maandishi ya karne ya 19. Nachingwea ilijulikana ulimwenguni baada ya mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga. Hata hivyo nchi yenyewe, iliyokaliwa hasa na Wamwera, huku Wangindo, Wayao na Wamakua wakiwa majirani zao, ilikuwa mapito ya watu na mali kwa muda mrefu kabla ya hapo. Pembe za ndovu, watumwa, vitambaa, chumvi na bunduki vilipita huko, na pamoja navyo walipita watu wa Ulaya: wapelelezi wa kijiografia, wamisionari na hatimaye maofisa.

Baadhi yao waliuawa. Vifo hivyo vimeandikwa kwa namna mbili zinazopingana. Maandishi ya zama za ukoloni yalivichukua kuwa ushahidi wa ukatili wa asili wa wenyeji, na hivyo kuwa sababu ya kuleta amani kwa bunduki. Maandishi ya kizalendo yaliyofuata uhuru, yakishughulikia kwa haki kubwa ushujaa wa Maji Maji, yalipita haraka juu ya watawa waliouawa njiani. Msimamo wa kwanza unamnyima mwenyeji sababu. Wa pili unamnyima aliyeuawa utu wake. Mtafiti anayetaka kueleza usalama wa safari hana budi kuuliza maswali mengine: msafiri aliyeuawa alikuwa nani machoni pa watu aliopita kwao? Nani alikuwa na wajibu wa kumlinda? Na wajibu huo ulikoma lini?

2. Njia, hongo na dhamana ya mwenyeji

Katikati ya karne ya 19 njia za kusini zilikuwa za aina mbili. Njia ya Kilwa ilielekea kusini magharibi kupitia nyika za Wangindo na mipaka ya Wamwera hadi ng'ambo ya Ruvuma. Njia za Lindi na Mikindani zilifuata mabonde ya Lukuledi na Ruvuma. Hakuna mamlaka moja iliyozitawala. Sultani wa Zanzibar alikuwa na maliwali katika miji ya pwani, lakini amri yao ilififia mara msafara ulipoiacha minazi nyuma yake.

Kilichomlinda msafiri bara kilikuwa mapatano. Kiongozi wa msafara alitoa hongo kwa mtawala wa mahali, kwa kawaida vitambaa, shanga au baruti, naye akapewa ruhusa ya kupita, maji, chakula cha kununua na mara nyingine watu wa kumwonyesha njia. Wazungu wengi waliiandika hongo kama unyang'anyi. Maelezo hayo yanapotosha. Hongo ilikuwa malipo yanayozaa wajibu: aliyeipokea alijifunga, na mgeni akidhurika ndani ya eneo lake, heshima yake ilivunjika na biashara ilihama njia. Kwa mtawala aliyetegemea misafara kwa bunduki na nguo, njia kuhama lilikuwa pigo zito kuliko vita vidogo.

Utaratibu huu haukuwa wa upole. Mtawala mwenye nguvu aliweza kupandisha kiwango au kuzuia njia kwa miezi. Machemba, mtawala wa Kiyao wa uwanda wa Makonde, alijulikana kwa hayo katika miaka ya 1880 na 1890. Hata hivyo ulikuwa utaratibu, wenye kanuni zilizofahamika pande zote mbili.

3. Kifo cha Roscher na uvumi wa kifo cha Livingstone

Kisa kinachodhihirisha kanuni hizo ni cha Albrecht Roscher, mpelelezi kijana kutoka Hamburg. Mwaka 1859 aliondoka Kilwa akifuatana na msafara wa wafanyabiashara, akiwa mgonjwa na mwenye mali kidogo. Alifika Ziwa Nyasa mwezi Novemba mwaka huo, takribani miezi miwili baada ya David Livingstone kulifikia kutoka kusini. Aliishi kando ya ziwa kwa miezi kadhaa. Mwezi Machi 1860, akiwa safarini kuelekea Ruvuma, alishambuliwa na kuuawa kwa mishale mahali panapoitwa Kisunguni. Mtumishi wake aliyenusurika alifikisha habari pwani.

Yaliyofuata ni muhimu kuliko mauaji yenyewe. Watuhumiwa hawakukamatwa na jeshi la Ulaya wala askari wa Sultani. Walikamatwa na mtawala wa Kiyao wa huko huko bara, wakasafirishwa mwendo wa majuma mengi hadi Zanzibar, na kuuawa kwa amri ya Sultani Majid bin Said mwaka huohuo wa 1860. Speke na Grant walikuwa mjini humo wakijiandaa kwa safari yao ya kutafuta chanzo cha Nile. Mtawala aliyefanya hivyo hakuwa na sababu ya kuiogopa Prussia wala Uingereza, zilizokuwa mbali mno. Alikuwa na sababu ya kutetea jina lake kwa watu wa pwani. Kwa macho yake, kumuua mgeni aliyepokewa kulikuwa uhalifu, na wahalifu walikuwa watu wawajibikao kwa jina, si kabila zima.

Kisa cha pili kinahusu mauaji ambayo hayakutokea. Mwezi Machi 1866 Livingstone aliteremka Mikindani na kupanda bonde la Ruvuma. Baadaye mwaka huo wapagazi wake kutoka Anjouan, wakiongozwa na Musa, walimwacha na kurudi Zanzibar, wakatangaza kwamba ameuawa na Mazitu, jina walilopewa Wangoni. Habari hiyo iliaminiwa na wengi Zanzibar na London. Ilibidi E. D. Young atumwe mwaka 1867 hadi Ziwa Nyasa ndipo ithibitike kwamba Livingstone alipita akiwa hai na kuendelea mbele.

Musa alihitaji kisingizio cha kumwacha bwana wake na kudai mshahara, akachagua hadithi ambayo wasikilizaji wake walikuwa tayari kuiamini. Kifo cha Mzungu mikononi mwa watu wa bara hakikuhitaji ushahidi. Hapa mtafiti anapata onyo la kimbinu: sifa ya hatari ya njia ilitengenezwa pwani na Ulaya kabla ya kupimwa njiani.

4. Waliokufa bila kuandikwa

Njia hizo zilikuwa za hatari, lakini si kwa wote kwa kiwango kimoja. Katika safari hiyohiyo ya 1866, Livingstone aliandika mara kadhaa juu ya maiti za watumwa alizozikuta karibu na Ruvuma, baadhi zikiwa zimefungwa kwenye miti, wengine wameuawa kwa sababu hawakuweza tena kutembea. Watu hao nao walikuwa wasafiri, ingawa safari haikuwa yao. Katika miaka ya 1860 makumi ya maelfu yao walifikishwa Kilwa, na hakuna aliyekamatwa bara na kupelekwa Zanzibar kujibu vifo vya walioanguka njiani.

Wamwera waliteseka pia na mashambulizi ya Wangoni wa Songea, ambao huku kusini mashariki waliitwa Magwangwara. Mwezi Septemba 1882 Magwangwara waliivamia Masasi, ambako Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) ilikuwa imeanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru tangu mwaka 1876. Wamisionari walinusurika. Waliouawa na kutekwa walikuwa Waafrika, wengi wao wakichukuliwa utumwani kwa mara ya pili, na wamisionari wakahangaika kuwakomboa kwa vitambaa. Kwa zaidi ya miaka 20 kati ya Roscher na uvamizi huo, Mzungu aliyepita kusini aliogopa zaidi homa na kuhara kuliko mkuki. Mwenyeji hakuwa na bahati hiyo.

5. Mgeni anapokuwa mtawala

Methali ya Kiswahili humtaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Ugeni una mwisho, na baada yake mgeni hushiriki kazi za nyumba. Kuanzia mwaka 1890 mambo yaligeuka: mgeni alibaki, na jembe akampa mwenyeji.

Hermann von Wissmann alipoivunja nguvu ya upinzani wa pwani, Lindi na Kilwa zikawa vituo vya kijeshi. Machemba aliwajibu Wajerumani kwamba urafiki anaukubali, lakini hatakuwa mtumwa wa mtu. Aliendelea kuzuia njia hadi mwaka 1899, alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kuondoka kwake kulifunga zama za hongo katika njia ya Lindi. Mtiririko wa malipo uligeuzwa: kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897 ilimtaka mwenyeji amlipe aliyekuwa mgeni. Tangu mwaka 1902, katika baadhi ya wilaya za pwani ya kusini, ikiwamo Kilwa, ukafuata mpango wa mashamba ya pamba ya jumbe, ambamo watu walilazimishwa kufanya kazi kwa ujira duni.

Misheni za Wabenediktini zilijengwa katika kipindi hichohicho: Lukuledi, kusini mwa Nachingwea ya leo, na Nyangao, kusini mashariki mwa Ruangwa. Watawa walifundisha na kutibu, na wengi walipendwa. Lakini walikuwa Wajerumani, walikuja kwa njia iliyolindwa na boma, na hawakulazimika kuomba dhamana ya mtu yeyote. Mgeni asiyehitaji dhamana ya mwenyeji hana pia ulinzi wake siku boma linaposhindwa.

6. Agosti 1905

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini dawa ilikuwa imekwisha kusambaa. Wajumbe walioipeleka waliitwa hongo, neno lenye umbo moja na lile la malipo ya njia. Sasa aliyepita kijiji kwa kijiji akipokewa na kulishwa alikuwa hongo huyo, wala si mwenye vitambaa.

Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini kutoka Tirol na askofu wa kwanza wa Dar es Salaam, alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, misheni aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1898. Alifuatana na mabruda Gabriel Sonntag na Andreas Scholzen na masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Tarehe 14 Agosti, huko Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, wapiganaji waliwazingira na kuwaua wote watano. Njia yao ilikuwa katika uelekeo uleule ambao Roscher alipita salama miaka 46 kabla, akiwa hana mamlaka yoyote nyuma yake.

Siku za mwisho za mwezi huo vita viliingia kwa Wamwera. Nyangao ilichomwa na Sista Walburga Diepolder akauawa. Lukuledi na Masasi zikaharibiwa, wamisionari wake wakiwa wamekimbia. Lakini Nakaam, mtawala wa Kiyao wa Chitangali, alisimama dhidi ya wapiganaji wa Maji Maji. Wakristo wa vijiji kadhaa pia hawakujiunga na vita. Hivyo dhamana ya zamani haikufutika kabisa; ilibaki pale uhusiano kati ya mtu na mtu ulipokuwa na uzito kuliko uhusiano wa mtawala na mtawaliwa.

Tofauti kati ya 1860 na 1905 ni dhahiri. Waliomuua Roscher walivunja sheria ya nchi yao, na nchi yao iliwatoa. Waliowaua watawa wa Mikukuyumbu waliamini wanatekeleza uamuzi wa nchi. Imani hiyo haiwafanyi masista wawili kuwa askari, wala haiondoi uzito wa kifo chao. Inaeleza tu kwa nini hakuna mtawala wa mahali aliyejitokeza kuwalinda.

Malipo yaliyofuata hayakuwa na uwiano. Kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, Wazungu waliokufa katika vita nzima walikuwa 15. Waafrika walikadiriwa na serikali hiyo kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa baada ya majeshi ya Gavana von Götzen kuchoma vijiji na maghala ya chakula. Mwaka 1860 kifo cha mgeni mmoja kilijibiwa na wahusika. Mwaka 1905 hadi 1907 kilijibiwa na watoto wa Umwera na Ungindo.

7. Hitimisho

Ushahidi uliopitiwa unaonyesha mambo matatu. Kwanza, nchi ya Nachingwea na Ruangwa na njia zake hazikuwa na uadui wa asili dhidi ya wageni. Zilikuwa na kanuni za ugeni, na kanuni hizo zilimwajibisha mwenyeji. Pili, sifa ya hatari mara nyingi ilitangulia tukio, na mara moja angalau ilitungwa kabisa. Tatu, hatari kubwa kwa msafiri wa kigeni iliongezeka wakati uleule ambapo dola ya kigeni ilidai kuwa imeleta usalama.

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wengi wa Liwale magharibi, na ardhi yao ikaunganishwa na pori la akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Mtalii wa leo huoneshwa nyika isiyo na watu. Historia ya usalama wake inaanzia kwa watu walioishi humo, waliopokea wageni kwa masharti, na ambao masharti yao yalipuuzwa.