Sikio la Bibi Kizee: Ngano ya Shing'weng'we na Vijana wa Shinyanga

Wengi wetu tunaosoma fasihi simulizi, tukifika kwenye ngano ya Kisukuma ya Shing'weng'we, huishia pale dubwana linapopasuliwa tumbo. Dubwana limekufa, watu wametoka, swali la mtihani limejibika. "Shing'weng'we ni mkoloni," tunaandika, au "ni ubepari," tunapiga mstari na kuchukua maksi zetu. Sina ugomvi mkubwa na jibu hilo, ila linaacha nusu ya hadithi. Makala haya yanahusu nusu iliyoachwa: sikio la bibi kizee mmoja, na marafiki waliosimama kati yake na kijana aliyemkata.

Tuikumbushe ngano kwa ufupi. Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yao. Alisalia mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Neno "masala" kwa Kisukuma ni akili. Mtoto akakua, akauliza mbona wako wawili tu duniani. Alipoambiwa, akaanza kuwinda. Kila akiua kitu anarudi mbio kwa mama akidhani ndiye: mara panzi, mara ndege, mara swala. Mama anamwambia siye, mwanangu, huyu tumchome tule. Hatimaye akampata mwenyewe, akamuua na kumpasua. Wakatoka baba yake, ndugu zake na umma mzima. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani.

Hapa ndipo wengi wetu tunafunga daftari. Bibi alikasirika, akamtukana kijana, akataka kumroga. Masala Kulangwa hakudhurika kwa sababu marafiki zake wengi walimlinda. Kisha akatafuta dawa, akamponya bibi yule. Baada ya hapo, wala si kabla, ndipo watu wakamkalisha kwenye kiti cha utemi.

Ukiitafutia utanzu wa leo, hii ni fantasia ya vijana, tena ya giza hasa: dunia tupu, mama na mwana, tumbo lililojaa watu hai. Na dhamira yake kuu, kwa maoni yangu, si ushujaa. Ni urafiki na uaminifu, na swali gumu linalokuja nao: rafiki yako akishamuumiza mtu asiye na kosa, wewe uliye upande wake ufanye nini?

Ngano ya dubwana linalomeza watu haikuzaliwa Usukumani peke yake. Alice Werner aliijadili katika kitabu chake cha 1933 kuhusu visasili vya Wabantu, na kwa Wasotho ni maarufu kiasi kwamba S. M. Mofokeng aliitungia tamthilia, Senkatana, iliyotoka mwaka 1952. Sasa angalia tofauti. Kwa Wasotho shujaa huishia kuuawa na watu wale wale aliowaokoa. Kwa Wasukuma anaishi na kutawala. Wasomaji wa Kanisa Katoliki huko Usukumani wamemwona Masala Kulangwa kama mfano wa Kristo na mama yake kama Maria. Ni usomaji wenye nguvu, lakini Kristo hakumkata mtu sikio (Petro ndiye aliyekata), na hapo mfano unaanza kuyumba kidogo.

Kinachomwokoa Masala Kulangwa ni marafiki. Lakini hebu tazama vizuri kile ambacho marafiki hao hawakifanyi. Bibi amemtukana shujaa wa taifa zima, ameshika uchawi waziwazi, na wao ni vijana wengi. Hawamgusi. Wanamkinga mwenzao, basi. Wanampa nafasi ya kwenda kutafuta dawa.

Sasa tuiweke ngano kwenye ardhi yake, maana fasihi haielei hewani. Zamani tuhuma za uchawi zilifikishwa kwa mtemi. Waingereza wakaleta Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo pamoja na mengine ilifanya kumtuhumu mwenzio uchawi kuwa kosa. Mwaka 1963 utemi wenyewe ukafutwa. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, na kaya zilizokuwa zimetawanyika zikajikuta ukuta kwa ukuta. Tuhuma hazikuisha, kilichokwisha ni mahali pa kuzipeleka. Takwimu zilizochapishwa na Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa mambo ya uchawi, wengi wao wanawake, na karibu theluthi mbili ya vifo hivyo vilikuwa Mwanza na Shinyanga. Waliouawa hasa ni vikongwe. Ushahidi mara nyingi ulikuwa macho mekundu, na nani asiyejua kwamba mwanamke aliyepikia samadi kavu na mabua ya pamba miaka hamsini, katika nchi isiyo na kuni, lazima macho yawe mekundu? Wauaji mara nyingi walikuwa vijana wenye mapanga, waliokodiwa na jamaa wa marehemu fulani. Nao wangekuambia wanalinda ukoo wao. Ni uaminifu huo huo wa marafiki wa Masala Kulangwa, ila umegeuzwa ndani nje.

Serikali nayo ilikata sikio. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliwasaka wauaji katika mikoa hiyo miwili, watuhumiwa wakateswa, baadhi wakafia mahabusu. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu, ingawa siye aliyeshika kiboko. Miaka minane baadaye, 1985, akawa Rais. Sisemi kwamba kujiuzulu kuliwaponya waliokufa. Nasema tu kwamba msikilizaji wa Kisukuma aliyekua na ngano hii angeuelewa mfululizo huo bila kufafanuliwa: umeumiza bila kukusudia, umelibeba, ndipo kiti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatokea Sungusungu, kati ya Kahama na Nzega, wakati bunduki zilipozagaa baada ya Vita vya Kagera na wezi wa ng'ombe walipozidi. Pinde, mishale, filimbi za usiku, kiapo cha kutomwacha mwenzio. Walitoza faini ya ng'ombe, wakamtenga aliyekaidi. Chama kiliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Kwa kweli waliurudisha usalama vijijini. Lakini katika miaka ile ya mwanzo baadhi ya makundi yaliwageukia pia waliotuhumiwa uchawi, yaani bibi yule yule. Jeshi la marafiki lilikuwapo. Aliyekosekana ni mtafuta dawa.

Kisha dhahabu. Bulyanhulu, Agosti 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa kuwapisha wawekezaji. Geita, mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Kuanzia 2007 dunia ikasikia habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika ukanda huu wa ziwa, viungo vyao vikiuzwa kwa imani kwamba vinaleta bahati mgodini na ziwani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Safari hii hakuna hata aliyedai kulinda ukoo. Shing'weng'we amerudi, na tumbo lake ni soko.

Riwaya ya vijana iliyolishika jambo hili ni Golden Boy ya Tara Sullivan, Mmarekani, iliyotoka mwaka 2013 kwa Kiingereza. Habo, mvulana mwenye ualbino, anakuja Mwanza na familia yake, anawindwa, anatorokea Dar es Salaam, na huko anapata kimbilio kwa mchongaji kipofu, Kweli. Urafiki wao ndio moyo wa kitabu, na umechorwa vizuri: asiyeona ngozi ndiye anayemwona mtu. Ila mimi naona kuna jambo limekwepwa. Ili Habo apate rafiki, mwandishi amelazimika kumtoa Usukumani kabisa, kana kwamba kule hakuna kijana ambaye angesimama mlangoni usiku mmoja. Ngano ya zamani ni jasiri zaidi. Inawaacha wote palepale, aliyekata na aliyekatwa, na marafiki katikati wakiwa wameshusha silaha, wakingoja kijana arudi porini na dawa.