Waliotia Sahihi Stuttgart

Tarehe 10 Novemba 1938, masinagogi yaliyochomwa na Wanazi yakiwa bado yanafuka moshi kote Ujerumani, ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake Martin Luther. Hilo halikumpita Askofu Martin Sasse wa Thüringen: mwezi uo huo alitoa kijitabu chenye maneno ya Luther ya mwaka 1543 dhidi ya Wayahudi, akaufurahia moto ule. Kumhukumu Sasse ni kazi nyepesi. Sisi twauliza habari za wale wengine, Wakristo wenye nia njema, wasiowasha kiberiti.

Jibu zito lilitoka Stuttgart, Oktoba 1945. Wajumbe 11 wa Baraza la Kanisa la Kiinjili la Ujerumani walitia sahihi tamko la kuungama hatia. Miongoni mwao alikuwamo Martin Niemöller, aliyekuwa kifungoni tangu 1937 hadi 1945. Nani angemlaumu kama angesema “wao”? Pamoja na wenzake alisema “sisi”. Walijishtaki kwamba hawakukiri kwa ujasiri zaidi wala kupenda kwa bidii zaidi. Hata hivyo Wayahudi hawakutajwa kwa neno hata moja. Hatia juu yao iliungamwa na Sinodi ya Weissensee mwaka 1950. Basi hata toba ya wenye nia njema ilikuwa na ukimya wake, na kwetu hili latisha kuliko kijitabu cha Sasse.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wajerumani. Lakini Katekisimo Ndogo ya 1529 tuliipokea kwa wamisionari wao bila kuuliza ni ya nani, na mkono ulioiandika ndio ulioandika kitabu cha 1543.