Baraza na Ua: Sehemu ya Wanaume Katika Mazungumzo ya Haki za Wanawake Pwani ya Tanga

Katika nyumba za kale za pwani yetu ya kaskazini, baraza hujengwa mbele, na ua hukaa nyuma. Barazani wanaume hukutana alasiri kwa kahawa na maongezi. Uani wanawake hupika, husuka ukili, na huongea yao. Mpango huu wa nyumba ulikuwa pia mpango wa mazungumzo. Ndoa, talaka, urithi na malezi ya mabinti yalikatwa shauri barazani, na wengi wa walioyakata hawakuwa wanawake. Hivyo si kweli kwamba wanaume wa pwani wameitwa juzi tu kuzungumza habari za wanawake. Wamezizungumza siku zote. Makala haya yakusudia kuchungua jambo jingine: walipozizungumza, walikuwa wamemwuliza nani kwanza?

Swali hili sikulipata katika vitabu. Nililipata Ushongo, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya mto Pangani, nilipokwenda kukusanya msamiati wa uvuvi. Nilikaa siku kadhaa na manahodha na mafundi wa ngalawa, nikaandika majina ya nyavu, ya mitego, ya pepo na ya maji. Nilipouliza kama wanawake nao huvua, nilijibiwa na wote kwa sauti moja kwamba wanawake wa hapa hawavui. Nikaandika hivyo. Asubuhi moja maji yametoka, nikaona wanawake wamesimama baharini maji kiunoni, wawili wawili, wakikokota nguo kutafuta dagaa na uduvi. Nikamwuliza bibi mmoja mzee aliyekuwa akirudi na ndoo yake wanafanya nini. Akasema, “Twatanda, mwanangu.” Nikamweleza nilivyoambiwa na wanaume. Akacheka, akasema, “Hawakukudanganya. Wao huvua, sisi hutanda. Lakini kazi yetu uliwauliza wao, sisi hukutuuliza.”

Nilirudi kwenye daftari langu kwa aibu. Wanaume walikuwa wamesema kweli kwa kadiri ya maana ya kitenzi chao: kuvua, kwao, ni kazi ya chombo na kilindi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesoma ng’ambo hata kufikia shahada ya udaktari, na nilifundishwa kwamba neno huulizwa kwa mwenye kulitumia. Hata hivyo nilipofika barazani niliketi, kwa kuwa ndipo nilipokaribishwa.

Kosa hili lina historia ndefu. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ni hazina kubwa ya lugha na mila za pwani, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mwenye sehemu kubwa ndani yake. Humo mna habari za uzazi, za unyago wa wasichana na za arusi. Kila mchunguzi wa Kiswahili anawiwa na kitabu hicho. Lakini yafaa tukumbuke kwamba unyago wa wasichana ni mahali ambapo mwanamume haingii. Basi habari zake zilimfikia msomaji kwa kalamu ya wanaume wawili, mmoja mzalia wa pwani na mmoja Mjerumani, na kungwi aliyejua mambo yenyewe hakutajwa. Hatusemi kwamba kilichoandikwa ni uongo. Twasema kwamba aliyekuwa na elimu hakupewa nafasi ya shahidi.

Lugha yenyewe yatupa mfano wa jambo hili. Wageni wengi hustaajabu wanapoona kwamba sarufi ya Kiswahili haimbagui mwanamke na mwanamume: “yeye” ni mmoja, na kiambishi a- huwachukua wote wawili bila ya tofauti. Wako wanaotoa hoja humo kwamba lugha yetu imetangulia katika usawa. Hoja hiyo ni tamu, lakini huanguka tufikapo kwenye ndoa. Baba huoza, mwanamume huoa, binti huolewa. Katika mnyambuliko mmoja wa kitenzi kimoja twapata watendaji wawili wa kiume na mtendwa mmoja wa kike. Mwanamume anayehamia nyumbani kwa mkewe huambiwa kwa dhihaka kwamba ameolewa, na dhihaka hiyo huuma kwa sababu imemtoa katika utendaji. Kauli ya kutendana, “kuoana”, ipo katika lugha tangu zamani. Nayo ni Kiswahili safi. Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba wazo la usawa katika ndoa lazima liazimwe nje.

Yale yaliyokaa katika kitenzi yalikaa pia katika sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake: iliziweka ndoa za dini na mila mbalimbali chini ya sheria moja, na kifungu cha 66 kikakataza mume au mke kumpiga mwenziwe. Lakini kifungu cha 13 kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na umri wa miaka 15, hali mvulana alitakiwa afikishe 18. Na kifungu cha 17 kikaitaka ridhaa ya baba kwa msichana aliye chini ya miaka 18, na ya mama ikiwa baba amekufa. Hapa sheria ilisema yale yale ya “kuoza”. Mama akawa na kauli baada ya kifo cha baba. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo viwili vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kusema kwamba kalamu ya mwanamume katika pwani hii haikufanya ila kumfunika mwanamke. Yuko aliyeandika kwa njia zote mbili, naye ni mtu wa Tanga: Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, na kufariki mwaka 1962. Kati ya mwaka 1926 na 1944 alikuwa karani wa forodha, na Pangani ilikuwa mojawapo ya miji aliyofanyia kazi, ng’ambo tu ya mto kwa mtu atokaye Ushongo.

Kazi yake ya kwanza tunayoitazama ni Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake. Msomaji hawezi kuusoma bila ya kukumbuka utendi aliotunga Mwana Kupona mwaka 1858 kwa bintiye, Mwana Hashima. Mambo ni ya jamii moja: dini, adabu ya ulimi, usafi, uangalizi wa nyumba, na utii kwa mume. Lakini wenye kunena si wa namna moja. Mwana Kupona alikuwa mke, kisha mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Alipomwusia binti yake namna ya kukaa na mume, alinena jambo alilopitia mwenyewe, na wako wasomaji wanaoona kwamba chini ya utii ule mna werevu wa mtu aliyejifunza kuishi. Shaaban Robert alinena kama baba. Upendo wake hauna shaka, na kumwandikia mtoto wa kike utenzi mzima ni heshima ambayo mababa wengi wa siku zile hawakuitoa. Lakini wosia wake wamwendea binti, na jibu la binti halimo. Huo ndio uneni wa baraza kwa ua.

Kazi ya pili ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa mwaka 1958 na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na jarida lake. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, akaitwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akafunzwa uimbaji, akaimba taarabu kwa Kiswahili wakati ambapo Kiarabu ndicho kilichokuwa na daraja, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Mwendo kutoka Mtumwa hadi Siti ni historia ya pwani nzima katika majina mawili ya mtu mmoja. Tusisahau kwamba amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa Unguja haikuwagusa masuria hadi mwaka 1909. Wanawake walikuwa wa mwisho kuhesabiwa kuwa huru.

Hapa Shaaban Robert alifanya jambo ambalo halikufanywa na wengi kabla yake. Alikwenda kwa mwanamke mwenyewe, muda mfupi kabla ya kufariki kwake mwaka 1950, akamwuliza maisha yake. Washindani wa Siti walikuwa wamemsimanga kwa sura na kwa nasaba, naye alikuwa amewajibu kwa wimbo wake kwamba akili yapita uzuri wa uso. Mwandishi hakumtungia jibu. Alilikuta tayari, akalihifadhi. Siti hakuacha kitabu alichokiandika kwa mkono wake. Bila ya kalamu hiyo tungekuwa na sauti yake katika sahani, na kidogo sana cha maisha yake.

Sisemi kwamba wasifu huo hauna kasoro. Mwandishi huingiza mawaidha yake mara kwa mara, na mara nyingine msomaji hutamani anyamaze ili Siti aendelee. Lakini tofauti baina ya Hati na Siti ni kubwa, na haikuletwa na kubadilika kwa imani ya mwandishi. Alikuwa mtu yule yule, mcha Mungu yule yule, mpenda heshima ya mwanadamu yule yule. Kwa Hati alinena kabla ya kuuliza. Kwa Siti aliuliza kabla ya kunena.

Kutokana na hayo, naona makundi mawili ya wasemaji wa leo yamekosea. Kundi la kwanza lasema kwamba usawa ni jambo la wanawake, wanaume wanyamaze. Laiti Shaaban Robert angenyamaza, hasara ingekuwa ya wanawake wenyewe. Kundi la pili lasema kwamba jambo hili ni la kigeni, na kwamba mwanamume ndiye mlinzi wa mila. Lakini mlinzi wa mila asiyejua kwamba wanawake wa kijiji chake hutanda, au asiyelihesabu jambo hilo kuwa ni kazi, analinda nusu ya mila, na nusu ya pili ameiacha baharini.

Neno “baraza” lenyewe limekwisha kuanza safari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu miongoni mwao wawe wanawake. Bibi wa Ushongo ambaye mamaye hakuketi barazani aweza leo kuketi katika baraza kwa amri ya sheria. Iliyobaki ni kazi ambayo sheria haiwezi kuifanya: kwamba anapoanza kunena, wajumbe wanaume wasimmalizie sentensi yake.

Nami kwa upande wangu nimeisahihisha orodha yangu. Penye “vua” nimeongeza “tanda”, na mbele yake nimeandika kwamba neno hili nililipata kwa mwanamke, ufukoni, baada ya kuambiwa na wanaume kwamba halipo.