Kuvuka mabara kwa gari: Maandalizi ya lazima kabla ya kuondoka Dodoma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MSAFIRI anayetoka Cape Town, Afrika Kusini, kwenda Cairo, Misri, kwa njia ya gari hupita katikati ya Tanzania, na Dodoma imo katika njia hiyo. Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyopewa jina hilo enzi za utawala wa Waingereza, huingia nchini Tunduma, mpakani mwa Zambia, ikapita Mbeya, Iringa, Mtera, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha, kisha ikatokea Namanga kuingia Kenya. Njia hiyo ni sehemu ya barabara ya Cairo hadi Cape Town katika mpango wa barabara kuu za Afrika ulioasisiwa mwaka 1971, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10,000.

Kwa miaka mingi kipande cha katikati ndicho kilichokuwa kikwazo. Kati ya Iringa na Babati palikuwa na barabara ya vumbi ambayo wakati wa mvua iligeuka tope, hivyo wasafiri wengi walilazimika kuzunguka kwa kupitia Morogoro, Chalinze na Segera. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2018, wakati Rais wa wakati huo, John Magufuli, alipozindua barabara za lami za Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, na Iringa hadi Dodoma, yenye takriban kilomita 260.

Kilichobaki kigumu kwa hiyo si barabara ya hapa nchini, bali ni maandalizi ya safari yenyewe. Gari likiharibika Kondoa, fundi hupatikana. Lakini gari likizuiwa katika mpaka wa nchi ya nne kwa kukosa karatasi moja, mwenye gari anaweza kupoteza fedha zinazolingana na thamani ya gari lenyewe.

Safari ndefu si ngeni Ugogo

Uwanda huu wa kati umezoea wasafiri wa masafa marefu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita Ugogo. Kabla ya kufika Ugogo ilivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemewa, na baada ya kutoka Ugogo ilikabiliwa na Mgunda Mkali, pori kubwa lililotanda kuelekea Unyamwezi. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao, na kiongozi wa msafara ambaye hakujiandaa kwa vitambaa na shanga za kutosha alikwama.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, naye Henry Stanley akapita mwaka 1871. Gari lilikuja baadaye. Agosti 10, 1907, Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa mahususi, akafika Swakopmund, katika Namibia ya leo, Mei 1, 1909. Safari hiyo ya kuvuka bara kutoka mashariki hadi magharibi ilichukua karibu miezi 21.

Mambo yaliyowasumbua wasafiri hao, yaani maji, chakula, ushuru na ruhusa ya kupita, ndiyo yanayomsumbua msafiri wa leo, ingawa majina yamebadilika.

Kuchagua njia

Hatua ya kwanza ni kuamua njia kwa kuzingatia usalama. Kwenda kusini ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Kutoka Tunduma msafiri huingia Zambia, na kwa anayepitia Botswana daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021, limeondoa ulazima wa kuvuka Mto Zambezi kwa kivuko.

Kwenda kaskazini kuna ugumu zaidi. Barabara ya Kenya kupitia Isiolo na Marsabit hadi Moyale sasa ni ya lami. Hata hivyo, vita iliyozuka Sudan Aprili 15, 2023 iliifanya njia iliyozoeleka ya bonde la Mto Nile kuwa ya hatari, na baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa Ethiopia nayo yamekumbwa na mapigano katika miaka ya karibuni. Kwa sababu hiyo wapo wanaosafirisha gari kwa meli katika kipande hicho, wao wenyewe wakaenda kwa ndege. Gharama ya meli, bandari na wakala wa forodha iingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Anayekusudia kutoka Afrika kuingia Asia anaweza kuvuka Bahari ya Shamu kwa kivuko cha kutoka Nuweiba, Misri, hadi Aqaba, Jordan. Kutoka huko safari ya kwenda Uturuki na Ulaya hutegemea hali ya usalama ya nchi zilizo katikati, nayo ichunguzwe upya wiki chache kabla ya kuondoka.

Hati za msafiri

Pasipoti iwe na muda usiopungua miezi sita baada ya tarehe ya kurejea, na kurasa tupu za kutosha, kwani nchi nyingine hugonga muhuri wa kuingia na wa kutoka na kubandika visa ya ukurasa mzima.

Mtanzania hahitaji visa kwa ziara fupi katika Zambia, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Kwa nchi nyingi za kaskazini na za Ulaya visa ni lazima. Visa ya nchi za Schengen humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, hivyo anayetembea polepole ahesabu siku zake vizuri. Aidha, msafiri ahakikishe kuwa visa anayoiomba kwa mtandao inakubalika katika mpaka wa nchi kavu, kwa kuwa zipo zinazotumika uwanja wa ndege tu.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kibebwe pamoja na pasipoti. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti hicho hutambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Leseni ya udereva ya Tanzania iambatane na leseni ya kimataifa.

Hati za gari

Kadi ya usajili iwe halisi, na jina lililomo lilingane na la pasipoti. Kama gari ni la mtu mwingine, au limenunuliwa kwa mkopo na benki bado ina haki juu yake, ichukuliwe barua ya ruhusa iliyothibitishwa na wakili.

Hati inayowashinda wengi ni ile ya forodha ya kulipitisha gari kwa muda, ambayo jina lake la Kifaransa ni carnet de passages. Hutolewa na vyama vya wenye magari vinavyotambuliwa kimataifa, na humwezesha msafiri kuingiza gari katika nchi bila kulipa ushuru, kwa ahadi kwamba atalitoa. Ili kuipata hutakiwa kuweka dhamana inayokokotolewa kwa thamani ya gari na nchi zitakazopitwa. Misri imekuwa miongoni mwa nchi zenye dhamana kubwa.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Kila ukurasa wa hati hiyo hugongwa muhuri wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Msafiri akisahau muhuri wa kutoka, nchi husika huhesabu kuwa gari limebaki humo na inaweza kudai ushuru wote kutoka katika dhamana. Hali ni hiyo hiyo gari likiuzwa au likiharibika kabisa ugenini. Asiondoke mpakani kabla ya kusoma muhuri na tarehe yake.

Kwa upande wa bima, Kadi ya Njano ya COMESA hulipa madhara kwa watu wengine katika nchi zilizojiunga na mpango huo. Tanzania, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, imeendelea kushiriki, na kadi hupatikana kwa kampuni za bima nchini. Kadi hiyo haifiki Afrika Kusini, ambako fidia ya majeruhi hutoka katika mfuko unaochangiwa kupitia bei ya mafuta. Mfuko huo haulipi gari lililogongwa, hivyo bima ya ziada inafaa.

Gari lenyewe

Gari bora kwa safari hii si lazima liwe jipya. Linalofaa ni lile ambalo vipuri vyake hupatikana njiani na fundi wa kawaida analifahamu. Lifanyiwe matengenezo makubwa mwezi mmoja au miwili kabla ya safari, kisha litembezwe masafa ya kutosha ili kasoro zijitokeze likiwa bado karibu na nyumbani. Safari ya kwenda Iringa na kurudi, ikiwa na mzigo wote, ni jaribio zuri.

Vya kubeba ni matairi mawili ya akiba, jeki, pampu, vifaa vya kuziba pancha, mikanda ya injini, chujio za mafuta na za hewa, fyuzi, oili, kamba ya kuvutia gari, pembetatu za tahadhari na kizimamoto. Mzigo mzito uwekwe chini na katikati. Ukirundikwa juu ya paa huongeza hatari ya gari kupinduka kwenye kona.

Anayepita njia ya Itigi, Rungwa na Chunya badala ya Iringa ajaze mafuta mapema na abebe ya akiba, kwani huduma ni chache. Usiku usitumike kwa mwendo. Mifugo, wanyamapori na malori yaliyoharibika bila taa ni hatari kubwa kuliko ubovu wa barabara. Ikumbukwe pia kuwa Rwanda, Burundi, Kongo, Ethiopia, Sudan na Misri huendesha upande wa kulia.

Maji, afya na msimu

Katika nchi kavu ya joto, lita tano za maji kwa mtu kwa siku ni kiasi cha chini cha kubeba, na akiba itoshe siku tatu. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na dawa za kuharisha, chumvi za kuongeza maji mwilini, vipimo na dawa za malaria, na dawa za kudumu za mgonjwa pamoja na cheti cha daktari. Chandarua kisisahaulike.

Dodoma hupata mvua kwa msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, wakati makorongo makavu hujaa ghafla. Anayekwenda kusini aondoke Mei au Juni, mvua za Zambia zikiwa zimekwisha. Anayekwenda kaskazini afikirie kuondoka Septemba, ili afike nyanda za juu za Ethiopia baada ya mvua kubwa zinazoanza Juni.

Fedha na mawasiliano

Fedha zigawanywe mahali zaidi ya pamoja. Dola za Marekani ziwe noti safi za matoleo mapya, kwa kuwa noti za zamani hukataliwa mara kwa mara. Nakala za hati zote zihifadhiwe kwenye karatasi na kwenye barua pepe, na fungu la dharura la kutosha kurudi nyumbani bila gari lisiguswe.

Mwisho, ndugu mmoja aachiwe ratiba, namba za ubalozi wa Tanzania katika kila nchi na siku za kupigiana simu. Simu isipopigwa kwa siku mbili, awe anajua la kufanya na wa kumtafuta.