Tuta la udongo: toka Lancashire hadi Solai



Naishi Qurum, Maskati, karibu na wadi. Juni 2007, kilipopita kimbunga Gonu, niliona kwa macho yangu maji ya Wadi Aday yalivyoteremka toka milimani na kuyazoa magari kama vifuu. Lakini yale hayakuwa maji ya mtu. Leo nazungumzia maji yenye mwenyewe.

Mdogo wangu kanipigia simu toka shamba letu la urithi huko Kenya, Bonde la Ufa. "Kaka, kiangazi kilitukausha. Tuta tuliongeze futi tatu, utume pesa." Tuta lenyewe ni la udongo, alilijenga marehemu baba. Mimi ni mtu wa historia, si mhandisi, lakini pesa sikutuma. Nilifungua vitabu.

Kisa cha kwanza anakijua kila aliyesoma sheria. Mwaka 1860 John Rylands, tajiri wa viwanda vya pamba Lancashire, alichimbiwa bwawa. Mafundi walikuta mashimo ya zamani ya makaa, hawakuyaziba sawasawa, na maji yakapenya mpaka mgodi wa jirani yake, Fletcher. Hakufa mtu. Mwaka 1868 wakuu wa sheria London waliamua: ukikusanya kwako kitu chenye madhara kikitoroka, kikitoroka ni juu yako, hata kama hukuzembea. Kenya ilirithi sheria ya Waingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa hiyo na hukumu hii tuliirithi.

Cha pili ni cha Pennsylvania, na ndicho kilichoninyima usingizi. Bwawa la South Fork lilikuwa mali ya klabu ya mabwana wa Pittsburgh, Andrew Carnegie akiwemo. Walilishusha tuta kidogo juu ili magari ya farasi yapishane, wakaweka wavu penye njia ya maji ya ziada ili samaki wao wasikimbie! Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameshang'olewa zamani. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ikaja, maji yakapanda juu ya tuta, na Johnstown ikapoteza watu 2,209. Mahakamani klabu haikulipa hata senti.

Basi tuje kwetu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel, Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka. La udongo, la shamba la mtu binafsi, na shamba hilo lilikuwa na mabwawa kadhaa. Vijiji vya Energy na Nyakinyua vilisombwa, wakafa watu wasiopungua 47, wengi watoto. Ndipo serikali ikatamka kwamba bwawa halikuwa na kibali. Watu tisa walishtakiwa; Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia, kisha Mahakama Kuu ikaamuru kesi ianze upya. Rylands alihukumiwa kwa mgodi kulowa tu.

Tuta la udongo lina njia mbili kubwa za kufa. Maji yakipita juu yake hulila mpaka likatike, ndiyo maana njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada haizibwi kamwe. Au maji hupenya ndani, penye mzizi uliooza au shimo la mnyama, yakibeba udongo chembe kwa chembe. Yakichuruzika safi, unaweza kusubiri mhandisi aje. Yakitoka na tope, usisubiri, waondoe watu.

Nikampigia mdogo wangu. Maji ya ziada yanapita wapi? Akacheka: "Pale tulishapanda mahindi, kaka." Nikamwambia ateremke akahesabu nyumba zilizo chini ya tuta. Jioni akanipigia, sauti imebadilika. Ziko kumi na moja. Baba alipolijenga, hapakuwa na hata moja.