Jina la Zanzibar katika Maandishi ya Kiingereza

Mtu asomaye hati za Kiingereza zihusuzo pwani ya Afrika ya Mashariki hukutana na jina la Zanzibar karibu katika kila ukurasa, na kwa kuwa ni jina alijualo, hulipita bila ya kulichungua. Jambo hilo lina hatari yake. Katika Kiingereza jina hilo moja limechukua maana nne: mji, kisiwa, milki ya Sultani, na nchi ya visiwa vya Unguja na Pemba. Mwenye kulifasiri kwa namna moja popote alionapo atapotosha historia, na atapotosha pia habari za lugha yetu yenyewe.

Yafaa kuanza na asili. Waandishi wa Kiarabu wa kale waliwaita watu wa pwani hii Zanj, na neno bar katika Kiajemi ni ufuko. Zanzibar, basi, kwa asili yake ni pwani ya Wazanji, yaani jina la mwambao mrefu wala si la kisiwa. Kisiwa kilikuwa na jina lake. Al-Jahiz, aliyefariki mwaka 869, ataja Lanjuya. Na Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, aieleza Lanjuya kuwa kisiwa kikubwa katika nchi ya Zanj. Wataalamu hulitambua humo jina la Unguja. Marco Polo, katika habari zake za karne ya 13, aliifanya Zanghibar kuwa kisiwa kikubwa mno. Na Wareno walipofika baadaye wakalitumia jina la Zanzibar kwa kisiwa hiki tukijuacho. Waingereza wakafuata. Hivyo jina la pwani likahamia kisiwani katika lugha za Ulaya, na jina la kisiwa likabaki vinywani mwa wenyewe.

Katika karne ya 19 jina hilo lilipanuka tena. Lord Canning alipokata shauri mwaka 1861 kwamba milki ya Afrika itengane na Oman, Sultani wa Zanzibar aliyetajwa humo hakuwa mtawala wa kisiwa kimoja. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalihesabu katika milki yake visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10 kutoka upande wa Ruvuma hata Kipini, pamoja na bandari kadha za kaskazini. Baada ya mapatano ya mwaka 1890 sehemu ya kusini ya ukanda huo, pamoja na Mafia, ilichukuliwa na Wajerumani kwa malipo. Na mwaka 1895 sehemu ya kaskazini ikawekwa chini ya utawala wa Waingereza kwa kodi, lakini mamlaka ya Sultani juu yake hayakufutwa.

Kutoka hapo watawala walitofautisha nchi ya Zanzibar, iliyokuwa visiwa tu, na milki ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa na Mombasa ndani yake. Tofauti hiyo haikuwa ya maneno matupu. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni watu wa Mwambao waliokataa kuunganishwa na Kenya walisimamia hoja hiyo hiyo. Ikamlazimu James Robertson kuichunguza mwaka 1961, naye akashauri ukanda uwe sehemu ya Kenya. Sultani aliuachia ukanda huo kwa mapatano ya Oktoba 1963, na Desemba mwaka huo nchi zote mbili zikapata uhuru, kila moja peke yake. Kwa hiyo Zanzibar iliyoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964 ilikuwa nchi ya visiwa. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 yafuata maana hiyo hiyo: Unguja, Pemba, na visiwa vidogo vilivyo kandokando yake.

Tuje sasa kwenye lugha. Mara nyingi husomwa katika Kiingereza kwamba Kiswahili Sanifu ni lahaja ya Zanzibar. Zanzibar ipi? Ikiwa ni nchi, Kipemba nacho kimo ndani yake. Ikiwa ni kisiwa, Kimakunduchi na Kitumbatu vimo, na kila mwenye kuvisikia ajua vilivyo mbali na usanifu. Lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ni Kiunguja, nacho ni Kiunguja cha mjini. Edward Steere, katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1870, aliandika kwamba Kiswahili chake ni kile kisemwacho at Zanzibar. Kiingereza hupenda kutumia at kwa mji au bandari na in kwa nchi. Kweli, Waingereza wa zamani waliweza kusema at hata kwa kisiwa, na kwa hiyo neno hilo peke yake si ushahidi wa kutosha. Walakini ni dalili isiyofaa kudharauliwa.

Wala haifai kuwalaumu Waingereza peke yao. Waswahili wa zamani walisema Sultani wa Unguja, wakikusudia mtawala wa milki nzima. Na Mpemba asemaye kwamba anakwenda Unguja mara nyingi akusudia mjini.

Basi mwenye kufasiri na atazame kwanza mwaka wa hati, kisha jirani za jina. Zanzibar iandikwayo pamoja na Pemba ni kisiwa, na Kiswahili chake ni Unguja. Ikitajwa pamoja na Tanganyika, ni nchi, na jina la Zanzibar libaki kama lilivyo. Ikitajwa pamoja na Sultani kabla ya mwaka 1963, na aulize kwanza kama Mombasa imo au haimo, ndipo aandike.