Mwanafunzi Kunakili Kazi za Watu Katika Mradi wa Skuli

SWALI:

Mwanangu wa kidato cha pili alipewa mradi wa skuli kuhusu zao la karafuu. Alinakili maelezo na picha mtandaoni, akaandika jina lake. Amepata alama za juu na mwalimu amemsifu mbele ya wenzake. Nilipomuuliza, alinijibu kuwa kazi ya skuli haina haki miliki. Je, ni sahihi? Na sasa tufanye nini?

JIBU:

AlhamduliLlaah, Swalah na salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Amma ba'd.

Hapa pana mambo mawili, na mwanao ameyachanganya.

La kwanza ni haki ya mwenye kazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za uandishi na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivunja. Zanzibar nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Hata hivyo, wanafunzi wamewekewa nafasi: Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, unaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haja na kutumia kazi kwa kufundishia, kwa sharti la kutaja chanzo na jina la mwandishi likiwapo.

La pili ni ukweli, na hapa ndipo alipokosea zaidi. Kuruhusiwa kutumia si kuruhusiwa kudai kuwa ni chako. Hata kitabu kilichokwisha muda wa haki miliki, ukikitia jina lako umesema uongo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemfananisha anayejionesha kuwa na asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo (Al-Bukhaariy na Muslim). Imaam Al-Qurtwubiy, mwanzoni mwa tafsiri yake, alijiwekea sharti la kuitaja kila kauli pamoja na mwenyewe, akilihesabu hilo kuwa ni katika baraka za elimu.

Kwa hivyo:

- Kusoma na kueleza kwa maneno yake: inafaa, na ataje alikosoma.
- Kunukuu sentensi chache: inafaa, kwa alama za kunukuu na jina la mwandishi.
- Picha: aandike ya nani na ameitoa wapi, na afuate masharti ya mwenyewe.
- Kumlipa mtu amchapie: hapana ubaya. Kumlipa amtungie: haijuzu, na anayeuza kazi hiyo anasaidia udanganyifu.

Ama yaliyopita, atubie kwa Allaah, kisha amweleze mwalimu ukweli na aombe kuirudia kazi. Fuatana naye, na muonane na mwalimu faragha, wala usimfedheheshe mtoto. Huenda alama zikapungua. Hilo ni jepesi kuliko kumwacha azoee kusifiwa kwa jasho la mwengine.

Na Allaah Anajua zaidi.